Onyo la Tatu kwa Muuza Hoho

Mwezi wa tisa ukifika, mji wetu wote wa Niš hunuka hoho za kuchoma. Kila ua na kila roshani ina jiko lake, na mbele ya jiko yupo mwanamke aliyekunja mikono ya blauzi, anageuza hoho nyekundu kwa vidole kama vile moto haumhusu. Atakayekuambia hasikii harufu hiyo ana mafua. Kwa hiyo Senka, mkutubi wetu, hakuwa na sababu ya kushangaa sana siku ile saa saba mchana, chumba cha kusomea cha maktaba ya mtaa kikiwa kimejaa hadi viti vya ukutani, mlango ulipofunguka na harufu ikaingia kabla ya mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa jamaa wa miaka thelathini na nne, mrefu, mabega mapana, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na vidole vyeusi kwa masizi. Kwapani alibana gazeti. Alisimama mlangoni, akawatazama watu arobaini walioinamia vitabu, akaona ni adabu kuwasalimu.

"Habari za mchana, watu wazuri!"

Msichana mmoja anayesomea udaktari aliangusha kalamu. Wazee wa magazeti waligeuka wote kwa pamoja. Senka, aliyekuwa mezani pake akipanga kadi, aliinua kichwa taratibu. Alikuwa na miaka thelathini na moja, gauni la rangi ya haradali lenye kola nyeupe, nywele nyeusi amezibana juu na shingo iko wazi. Mdomo aliukaza ipasavyo, lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kucheka bila ruhusa.

"Kaka," Senka alinong'ona jamaa alipofika mezani, "humu ndani tunanong'ona."

"Nimenong'ona, dada."

"Hiyo ndiyo kunong'ona?"

"Mimi nauza hoho sokoni, meza ya kumi na tisa. Nikiongea kwa sauti hii kule, mama yangu huniuliza naumwa wapi."

"Jina lako?"

"Tihomir."

Senka alishindwa kujizuia, akacheka kwa pua. Jina hilo kwetu ni la mtu mtulivu, mpole, asiyesumbua jirani.

"Mama alinipa kabla hajanisikia nikilia," alijitetea Tihomir.

"Mwandike onyo!" mzee Dobrivoje, mstaafu wa reli, alisema kutoka nyuma ya gazeti lake. "Mimi niliandikwa kwa kupiga chafya!"

"Uliandikwa kwa kupiga chafya mara tisa na kila mara kusema 'samahani' kwa sauti, babu," alijibu Senka. Lakini mzee alikuwa na haki yake. Senka alifungua daftari la maonyo na kuandika: Tihomir, meza ya kumi na tisa, onyo la kwanza, kupaza sauti.

Ubao wa mwenendo wa wageni ulikuwa ukutani karibu na mlango, na kila neno lake aliliandika Senka mwenyewe, vifungu kumi na moja. Makoti na mifuko yaachwe chini kwa mama wa makoti. Simu zizimwe sauti. Hakuna kula, hakuna harufu kali, hakuna kumwekea rafiki kiti kwa kofia. Lakini kifungu kikali kuliko vyote kilikuwa cha saba: dirisha hufunguliwa na kufungwa na mkutubi peke yake. Hicho kilizaliwa majira ya kuchipua, siku wazee wawili wenye heshima zao walipopigana kwa miavuli, mmoja akitaka hewa, mwingine akilia kwamba upepo unapita mgongoni mwake. Sisi watu wa huku tumeshaona vita, mafuriko na serikali za kila aina, na bado tunachoogopa kuliko yote ni upepo unaopita kati ya dirisha na mlango. Huo ndio unaoua. Maonyo matatu, kadi inachukuliwa miezi sita, na mkurugenzi Krunić aliupitisha ubao ule kwa mihuri miwili.

Tihomir akawa anakuja kila siku saa saba mpaka saa kumi, kiti kile kile cha pembeni. Siku ya pili alijiosha kwa siki na limau ili kuua harufu ya hoho, kisha akajipaka manukato ya shemeji yake kwa wingi hata msichana wa udaktari akahama meza. Siku ya nne simu yake ilitetemeka, naye akainama chini ya meza kuipokea, akidhani meza ingesaidia.

"Mama, niko maktaba," alisema.

"Maktaba?" Sauti ya Persa mama yake ilisikika na chumba kizima, maana hao wawili walipewa koo za ukoo mmoja. "Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Chumba kizima kilisubiri jibu. Senka akaandika onyo la pili akibana kicheko, halafu akamfuata hadi kiti chake kumwonyesha. Hapo ndipo alipoona kwamba gazeti alilokuwa analisoma jamaa ni la juma lililopita, na ndani yake kulikuwa na kitabu cha botania cha shule ya sekondari.

Tihomir aligeuka mwekundu kama bidhaa zake.

"Usimwambie mtu," alinong'ona, na safari hii alinong'ona kweli.

Jioni ile Tihomir alimsubiri Senka nje, koti likiwa begani. Walienda kunywa kahawa kwenye mgahawa wa mtoni, wenye viti vya nyavu.

"Haya, niambie," alisema Senka. "Mtu mzima anafichaje kitabu cha shule kama sigara?"

"Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na saba. Mwaka mmoja ulibaki nimalize shule ya kilimo. Nikasema nitarudi mwakani." Alizungusha kikombe. "Mwakani umekuwa miaka kumi na saba."

"Na sasa?"

"Sasa wana darasa la watu wazima, na wanalifunga. Mtihani ni tarehe ishirini ya mwezi ujao, masomo manne, mara ya mwisho. Nikikosa, naanza upya na watoto wa mwaka wa kwanza, na hilo sitalifanya, najijua. Nyumbani kuna mama, shangazi wawili, dada yangu na mapacha wake, na majiko matatu ya hoho. Hakuna chumba ambacho mtu hapigi kelele. Hicho kiti changu cha pembeni, Senka, ndiyo shule yangu. Sina nyingine."

 Senka alikuwa ameshawaona wanaume wengi wakijisifia mezani pake, lakini huyu alikuwa wa kwanza kumwambia anachokiogopa.

"Una maonyo mawili," alisema.

"Najua."

"La tatu hata mimi siwezi kulifuta."

"Sitasema, sitanuka, sitapokea simu. Dhahabu yangu, nitakaa pale kama kabati."

"Nimekuwa dhahabu yako tangu lini?"

"Tangu ulivyocheka kwa pua."

Basi ndivyo mapenzi yalivyoanza, na sitawachosha. Wiki tatu nzima alikaa kama kabati kweli. Saa nne asubuhi, Senka akinywa chai chumba cha nyuma, simu ilikuwa inaita kutoka sokoni, na nyuma ya sauti ya Tihomir zilisikika kilo, mizani na mabishano.

"Roho yangu, niulize swali moja."

"Usanisinuru hutokea wapi?"

"Kwenye majani. Mama! Hizo si za leo, hizo za leo ziko chini! Na sasa mimi nikuulize. Leo umevaa nini?"

"Sketi ya bluu na sweta ya kijivu. Hilo liko kwenye mtihani?"

"Kwenye wangu liko."

Mambo yaliharibika tarehe nane ya mwezi wa kumi, siku ya mvua. Senka alitoka mara moja kwenda kununua mkate bila mwavuli, akarudi amelowa chapachapa, nywele zinamwagika mabegani. Kule chumbani watu hamsini wenye soksi mbichi walikuwa wamejaa, na mkurugenzi Krunić, bwana mfupi wa suti ya kahawia, alikuwa amesimama katikati akikagua viti. Kwa ajili ya ile hewa nzito, Senka alifungua dirisha. Mlango nao ulikuwa wazi. Kisha akaketi mezani pake, katikati kabisa ya njia ya upepo, nywele mbichi, shingo wazi.

Kiti cha pembeni kilianza kuteseka. Tihomir alisoma mstari mmoja mara kumi. Alitazama dirisha, akatazama shingo ile, akatazama mlango. Wazee nao walikuwa wameacha magazeti.

"Yule binti hafiki Jumapili," alisema mzee Dobrivoje kwa huzuni.

Tihomir alimpungia Senka mkono, akaonyesha shingo yake mwenyewe, akaonyesha dirisha. Senka, mkurugenzi akiwa hatua tatu tu kutoka kwake, alijifanya haoni. Dakika tano zilipita. Mapazia yakavimba, unywele mmoja ukapepea sikioni mwake, na Tihomir akasahau kila alichoahidi. Alinyanyuka, akatembea kwa ncha za vidole hadi dirishani, akalisukuma.

Dirisha lile ni la enzi za babu yangu, na mbao zake zilikuwa zimevimba kwa mvua. Halikusogea. Akalisukuma kwa mkono wa kubebea magunia. Kioo kikatoka chote kwenye fremu, kikashuka ghorofa mbili, kikapasuka uani kwa mlio uliosikika mpaka kituo cha mabasi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, isipokuwa sufuria moja ya mama wa makoti.

"Nani huyu?" aliuliza mkurugenzi.

"Tihomir, meza ya kumi na tisa," alijitaja mwenyewe. Mkurugenzi alivuta daftari la maonyo, akapitisha kidole.

"Mawili tayari. Bibi Senka?"

Na Senka akaona macho yote yamemgeukia, macho ya watu waliokuwa wanajua kuhusu kahawa ya mtoni. Alikuwa amemwandika babu wa watu kwa chafya. Akachukua kalamu na kuandika, herufi moja moja, kifungu cha saba.

Tihomir aliweka kadi yake mezani bila kusema neno. Kitu hicho peke yake kingetosha kumwambia Senka jinsi alivyoumia.

Jioni simu iliita.

"Umeniandika," alisema Tihomir.

"Ningefanyaje? Sheria nimeiandika mimi! Niwaandike wengine, nikuache wewe?"

"Ulikuwa na nywele mbichi!"

"Nywele ni zangu, Tiho. Shingo ni yangu. Ulitaka kuonyesha mbele ya mkurugenzi kwamba mimi ni wako, ndivyo ulivyofanya. Sasa watu wote wanasema mkutubi ana bwana anayemfungia madirisha."

"Na huyo bwana anauza hoho. Si ndiyo? Msomi kama wewe, muuza hoho. Unanionea aibu. Sema tu."

Senka alipigwa na butwaa kiasi kwamba sauti haikutoka. Kwa upande wa pili, ukimya ule ulisikika kama jibu.

"Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili," alisema Tihomir. Simu ikakatwa.

Senka ana ukaidi wa kwao mlimani, lazima niseme. Kesho yake, badala ya kulia, alisogeza kiti chake mpaka chini ya dirisha lile lisilo na kioo, lililozibwa kwa boksi la katoni, na kuliacha lile katoni nusu wazi. Alitaka kuthibitishia dunia kwamba upepo ni upepo tu. Alikaa hapo siku mbili nzima, shingo wazi, kichwa juu. Wazee walipita mbele yake kimya, wengine wamevua kofia.

Siku ya tatu aliamka shingo imekakamaa. Ilikuwa imegeukia kushoto na haikutaka kurudi. Akitaka kumtazama mtu wa kulia ilibidi ageuke mwili mzima, miguu na yote. Mjini kwetu habari kama hiyo haihitaji redio. Mama wa makoti alijishika mdomo. Msichana wa udaktari alieleza kitaalamu kwamba upepo hausababishi jambo hilo, akazomewa na meza tatu.

Mzee Dobrivoje alikuja polepole, akasimama upande wa kushoto ili Senka amwone.

"Sitasema kitu," alisema.

"Asante, babu."

"Ila nilikuwa sokoni jana. Nimemwomba yule kijana wako nusu kilo, akanipa kilo tatu na chenji ya mtu mwingine. Kitabu kiko chini ya gunia la viazi, kimefunikwa. Nikamuuliza, husomi? Akasema, babu, hilo limekwisha." Mzee alikunja gazeti lake. "Mimi nilisimama chumba hiki nikitaka dirisha lifungwe kwa ajili ya mgongo wangu. Yule hakuwa na shida na mgongo wake."

Senka alibaki akitazama kushoto. Alijua kilichomuuma zaidi ya shingo. Aliulizwa swali moja dogo kwenye simu, akanyamaza, na kwa ukimya wake mtu alifunika kitabu kwa gunia. Saa ya mapumziko ilipofika alichukua vitabu vinne rafuni kwa kadi yake mwenyewe, akavaa koti jekundu, akaenda sokoni.

Kutembea sokoni ukiwa na shingo ya kushoto si mchezo. Aliwagonga watu wawili na ndoo ya kabichi. Meza ya kumi na tisa aliikuta kwa kuipita, maana ilikuwa upande wa kulia, akalazimika kurudi kinyumenyume. Nyuma ya rundo la hoho alisimama mama mnene wa kilemba cheusi na aproni ya maua.

"Unatafuta nini, mwanangu? Na mbona unaniangalia kama kuku?"

"Shangazi Persa, mimi ni Senka. Wa maktaba."

Persa aliweka mikono kiunoni. "Ndiye wewe uliyemwandika mwanangu?"

"Ndiye mimi."

"Na hiyo shingo?"

"Upepo," alisema Senka kwa sauti ya chini.

"Mungu wangu wee!" Hasira yote ilimtoka Persa palepale, kwa maana kuna majanga yanayofuta madeni. "Kaa! Kaa hapa kwenye kreti. Tiho! Leta rakija, ile pombe kali ya tiba, na shali yangu ya sufu!"

Tihomir alitokea nyuma na chupa mkononi, akamwona, akasimama. Alikuwa hajanyoa ndevu tangu siku ile. Persa alimpokonya chupa, akalowesha kitambaa, akamzungushia Senka shingoni na kukaza shali juu yake mpaka pua tu ndiyo ikabaki nje.

"Umekuja kwa ajili ya hoho?" aliuliza Tihomir, akitazama mizani.

"Nimekuja kusema kwamba sikuonei aibu. Siku ile kwenye simu nilishindwa kuongea, si kwamba nilikubali."

"Nini?" aliuliza Tihomir, maana muuza kabichi alikuwa anatangaza bei pembeni.

"Sikuonei aibu!"

"Sema kwa nguvu, mwanangu," alisema Persa. "Hapa si kule kwako."

Senka alisimama juu ya kreti. Maisha yake yote alikuwa mtu wa sauti ndogo, shuleni walikuwa wanamwambia aseme tena. Alivuta pumzi yenye rakija na hoho.

"SIMWONEI AIBU! NAMPENDA!"

"Unampenda nani, dada?" aliuliza mtu wa jibini kutoka mbali.

"Huyu wa meza ya kumi na tisa!"

"Huyo? Aliniuzia hoho zimeoza mwaka juzi!"

"Hata hivyo!" alipaza Senka, na soko zima likaangua kicheko na makofi. Tihomir alimshika kiuno na kumshusha chini, uso wake ukiwa umefunguka wote.

"Roho yangu," alisema. "Kwa hiyo unanirudishia kadi?"

"Hapana. Miezi sita ni miezi sita."

"Senka!"

"Babu Dobrivoje ataandamana. Lakini nina saa moja ya mapumziko na saa mbili baada ya kazi, na hivi vitabu nimeviazima mimi. Kitoe hicho kilichoko chini ya viazi."

"Humu? Kwenye kelele hizi? Sikia mwenyewe."

Kwa kweli huwezi kusikia jina lako pale saa saba mchana. Persa aliwatazama wote wawili. Alikuwa amemwona mwanawe akiwa na miaka kumi na saba akibeba kreti ya kwanza, siku tatu baada ya mazishi, sare ya shule bado iko kwenye kamba uani, na kitu hicho hakikuwahi kumtoka moyoni. Alichukua sufuria na mwiko, akagonga mpaka watu wakageuka.

"Nyie! Mpaka tarehe ishirini, kuanzia saa saba hadi saa nane na kuanzia saa kumi, hakuna kutangaza bei. Mteja akiuliza, anong'onezwe. Tiho wangu anasoma. Atakayepaza sauti atanijua."

Nilikuwepo, nimeona kwa macho haya. Kwa siku tisa, soko letu, ambalo lilinyamaza mara ya mwisho wakati wa vita, lilinong'ona. Muuza kabichi alikuwa anaandika bei kwenye kiganja na kuwaonyesha watu. Mtu wa jibini alimfukuza mteja kwa kupiga chafya. Mbwa mmoja aliondolewa. Wapita njia walidhani kuna maiti, wakavua kofia, na wakikaribia wanamkuta mwanamke mwenye shali shingoni ameketi kwenye kreti, anamuuliza muuza hoho kuhusu asidi na chumvi.

"Umekosea," Senka alikuwa akisema. "Tena."

"Nimechoka, mpenzi."

"Tena," alinong'ona muuza kabichi, ambaye kufikia siku ya sita alikuwa anajua kemia kuliko yeye.

Mtihani ukaja ukapita. Matokeo hubandikwa kwenye kioo cha mlango wa shule, Ijumaa saa sita. Shingo ya Senka ilikuwa imeshanyooka, naye alivaa gauni la kijani na viatu vya kisigino. Tihomir alivaa koti la marehemu baba yake, limembana mabegani. Walipofika uani mwa shule, watu kumi na tano walikuwa wameshajazana mlangoni. Tihomir alisimama chini ya ngazi na hakuenda mbele.

"Nenda wewe ukaangalie," alisema.

"Twende wote."

"Senka, sikiliza. Kuna jambo nataka kukuuliza. Kama jina langu halipo pale, siulizi."

"Kwa nini usiulize?"

"Kwa sababu nitakuwa nimebaki yule yule."

Senka alimgeukia. Hasira na mapenzi vilimpanda kwa wakati mmoja, mpaka akamshika kola ya lile koti.

"Niulize sasa."

"Tuangalie kwanza..."

"Sasa hivi, Tiho. Nilipopanda kwenye kreti ile hukuwa na cheti. Ukiniuliza baada ya orodha, nitaishi miaka yote nikijiuliza kama ungeniuliza jina lisingekuwepo. Niulize ukiwa hujui."

Tihomir alifungua mdomo. Ile sauti ya meza ya kumi na tisa haikupatikana popote. Alichotoa kilikuwa kidogo, kikavu, na kilimfikia yeye tu.

"Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali," alisema Senka. "Haya, twende tukaangalie."

Walipanda ngazi wameshikana mikono. Orodha ilikuwa imeandikwa kwa mashine, na herufi zilikuwa ndogo. Senka ndiye aliyeliona jina kwanza, lakini akamwachia alitafute mwenyewe. Botania, nne kati ya tano. Kemia, tatu. Lugha, tatu. Hesabu, mbili, alama ya chini kabisa ya kupita, na tamu kuliko zote. Tihomir alisoma mstari ule mara tatu kwa kidole. Kisha akaketi kwenye ngazi, mwanaume mzima, akalia kwa sauti ambayo iliwatoa walimu madirishani, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Simu mfukoni mwake ilikuwa inaita. Aliitoa, akajaribu kusema, ikashindikana, akampa Senka.

"Vipi?" Sauti ya Persa ilipasua hewa. Nyuma yake soko lilikuwa kimya, kila mtu anasikiliza. "Mbona hamsemi? Amefaulu?"

"Amefaulu, mama."

 Senka aliitazama simu, akidhani imekatika.

"Rudia," alisema Persa hatimaye, polepole sana.

"Amefaulu. Masomo yote manne."

"Hilo nimesikia. Lile la mwisho."

"Mama," alisema Senka.